Shajara ya besi ya inchi 34 hadi 37: nyuzi, ethi na priampu

Kilichopo mezani

Besi, yaani gitaa la sauti nzito, ni ya nyuzi tano: B, E, A, D na G, kuanzia nene hadi nyembamba. Imetoka kwenye karakana ya fundi anayeunda magitaa machache kwa oda, nami nimeinunua mkononi kwa mpigaji mwenzangu. Uzi wa G, ukipimwa kutoka nati (kipande kinachoshika nyuzi kwenye kichwa cha shingo) hadi daraja (chuma kinachozishika upande wa pili), una inchi 34, yaani milimita 863.6. Uzi wa B una inchi 37, milimita 939.8. Nyuzi tatu za katikati zimegawana tofauti hiyo kwa hatua sawa: D 34.75, A 35.5, E 36.25. Hatua zikiwa sawa, kila freti, yaani waya wa chuma unaokata shingo, hubaki mstari ulionyooka, ila freti zenyewe hazielekei upande mmoja; zimetanuka kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Inayokata shingo kwa pembemraba ni freti ya 7 peke yake.

Ukitaka kujua ulalo ni kiasi gani, hesabu ni fupi. Freti ya 7 hukaa kwenye theluthi moja ya urefu wa uzi wowote, karibu kabisa. Tofauti ya skeli, yaani ya urefu wa nyuzi, ni inchi 3. Kwa hiyo upande wa nati B inatangulia G kwa inchi 1, milimita 25, na upande wa daraja kiti cha B (pale uzi unapokanyaga daraja) kiko nyuma ya kiti cha G kwa inchi 2, milimita 51. Nimepima kwa kalipa na vipimo vimekubali. Namba hizi mbili nimeziandika ukutani juu ya meza, kwa sababu karibu kila kifaa cha dukani kimetengenezwa kwa gitaa ambalo namba hizo ni sifuri.

Malalamiko ni manne. Kuna mvumo unaobadilika kulingana na uzi unaougusa. Priampu, saketi ya betri ya kuongeza sauti iliyo ndani ya gitaa, inapiga "shhh" hata nobu zote zikiwa katikati. G inakwaruza kwenye freti ya 16. Na B ni nzito kuliko inavyohitajika, hilo nitalieleza.

Sharti nililojiwekea: hakuna tundu jipya kwenye mbao. Gitaa la fundi mdogo halina kiwanda kinachouza ubao wa akiba, na atakayelinunua baadaye atataka kuliona lilivyotoka karakana. Kila kinachotolewa kinaingia kwenye mfuko wenye lebo.

Hii skeli ilitoka wapi

Nitapita haraka, maana watu hudhani ni mtindo wa juzi. Bandora na orpharioni, ala za Uingereza za karne ya 16 na 17, zilikuwa tayari na freti na madaraja yaliyolala upande. Kwenye magitaa ya umeme jina linalotajwa kwanza ni Ralph Novak wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1989. Sheldon Dingwall wa Saskatoon, Kanada, alichukua leseni kwa Novak na kuifanya inchi 37 kwenye B iwe kitu ambacho wapigaji besi wanakiomba kwa jina. Muda wa hataza hiyo umekwisha zamani, na sasa hata viwanda vikubwa vinatoa besi za namna hii: Ibanez EHB1005MS, kwa mfano, huenda inchi 33 hadi 35. Tofauti ya inchi 2 na tofauti ya inchi 3 si kitu kimoja, wala mtu asikuambie kwamba ukishapiga moja umepiga zote.

Nyuzi: kazi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa

Noti ya uzi hutokana na mambo matatu: urefu wake, mkazo wake na uzito wake kwa kila sentimita. Chukua uzi uleule, noti ileile, uurefushe. Lazima uukaze zaidi, na mkazo hupanda kwa mraba wa urefu. 37 gawa kwa 34, zidisha kwa yenyewe, unapata 1.18. Kwa maneno mengine, uzi wa B ambao kwenye besi ya kawaida unavutwa kwa kilo 15, hapa unavutwa kwa karibu kilo 18. E inaongezewa asilimia 14 hivi, A asilimia 9, D asilimia 4 na nusu, G haiongezewi kitu. Ni nyongeza iliyopangwa vizuri, kwa sababu kwenye seti nyingi za nyuzi tano B ndiyo huwa legevu kuliko zote.

Lakini mkazo ni nusu tu ya habari. Uzi mnene una ukaidi wa chuma. Haupendi kujipinda pale unapokanyaga nati na daraja, na ukaidi huo huzisukuma hamoniki zake (sauti za juu zinazolia pamoja na noti) juu ya mahali zinapopaswa kukaa. Ndiyo maana B ya besi nyingi huvuma bila kutamka noti, na tyuna, kifaa cha kupimia noti, inazungukazunguka bila kujua ikuambie nini. Kwa uzi uleule na noti ileile, athari hiyo hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu. Gawa 34 kwa 37, andika jibu mara nne na uzidishe yote pamoja, inabaki 0.71. Karibu asilimia 29 ya fujo inaondoka kabla hujagusa nobu yoyote.

Sasa turudi kwenye lalamiko langu. Besi ilikuja na B ya 130, yaani inchi 0.130, milimita 3.3. Unene huo watu huutafuta kwenye inchi 34 ili wapate mkazo. Kwenye inchi 37 mkazo umeshaletwa na urefu, kwa hiyo unene unaongeza ukaidi tu, uleule tuliolipia shingo ndefu ili tuuondoe. Kanuni ninayoitumia si ya maabara, ila inafanya kazi mezani: zidisha unene wa uzi kwa urefu wake, gawa kwa 34, utapata unene wa kawaida unaovuta sawa nao. B ya 120 kwenye inchi 37 inavuta kama 130 ya kawaida. E ya 100 kwenye inchi 36.25 inavuta kama 106. Nimeagiza 45, 65, 80, 100 na 120, kila uzi kivyake.

Kununua kivyake si anasa. Pakiti iliyoandikwa skeli ndefu imekusudiwa inchi 34. Nilipima kutoka pale kigololi cha mwisho wa uzi kinapokaa hadi kwenye nati: upande wa B ni milimita 970, na baada ya hapo bado uzi unatakiwa kuendelea kwa unene wake wote kidogo kabla ya kupungua na kuzunguka ufunguo. Uzi wa pakiti ya kawaida huanza kupungua kabla ya hapo. Sehemu nyembamba, au ile iliyofungwa hariri, inaangukia juu ya nati au hata upande wa freti. G na D hazina shida hiyo. Anayeagiza aulize kwa milimita urefu wa sehemu iliyozungushiwa waya mzima, wala asitegemee jina la skeli kwenye karatasi.

B niliyochagua imepunguzwa upande wa daraja. Tabaka la nje linaishia kabla ya kufika kwenye kiti, na kinacholala juu ya kiti ni chuma chembamba zaidi, kinachojipinda kirahisi. Baada ya kuifunga, kiti cha B kimesogea mbele, kwa sababu uzi laini hauhitaji kufidiwa sana. Njia ni ileile ya siku zote: hamoniki ya freti ya 12 dhidi ya noti iliyobanwa hapohapo, iliyobanwa ikiwa juu, kiti kinarudi nyuma, ikiwa chini, kinakuja mbele. Nilichokiona ambacho sikukizoea ni kwamba sindano ya tyuna ilitulia kwenye B kama inavyotulia kwenye A. Hezi 31, na imetulia.

Ethi: madaraja matano, mvumo mmoja

Gitaa hili halina daraja moja. Kila uzi una kidaraja chake, vitano vimepangwa kwa ngazi kufuata ule ulalo wa milimita 51. Sauti haivuki kutoka uzi mmoja hadi mwingine, marekebisho ni huru, na vinapendeza. Ila daraja la kawaida ni bamba moja la chuma, waya mmoja wa ethi, ule unaoupeleka mvumo ardhini, chini yake unatosha kwa nyuzi zote. Hapa hautoshi.

Dalili ilikuwa hivi: ukigusa E au G mvumo unakufa. Ukigusa A au D mvumo unapungua kidogo, au hata haupungui. Ukigusa B unaendelea kana kwamba hujagusa kitu. Mtu akisikia hivyo hukimbilia kulaumu pikapu, zile sumaku zenye koili zinazonasa sauti ya nyuzi.

Nikachukua multimita, mguu mmoja kwenye pete ya jeki (tundu la kebo), mwingine kwenye kila kidaraja. Juu ya vidaraja vyote vitano: kimya. Hata cha E, ambacho nilijua kina ethi. Ilinichukua muda mfupi kukumbuka kwamba hivi ni vya alumini iliyotiwa weusi kwa njia ya anodi, na tabaka lile la juu halipitishi umeme. Rangi yenyewe ndiyo kizuizi. Nilipogusisha ncha ya multimita kwenye kichwa cha skrubu ya chuma ya E, ikalia. G pia ikalia. Za A, D na B zilikaa kimya.

Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Kwanza, waya wa ethi ulifika chini ya vidaraja viwili tu, vile ambavyo tundu la kutoka kwenye chumba cha umeme linapita karibu navyo. Pili, hata panapofika, uzi unalala kwenye kiti cheusi ambacho chenyewe kimezibwa.

Nilitoa vidaraja vyote, nikageuza kila kimoja na kukwangua upande wa chini kwa msasa wa 400 hadi alumini nyeupe ikaonekana, eneo la ukubwa wa kidole gumba. Halafu kwenye mfereji wa kila kiti, pale uzi unapokanyaga, nikapitisha tupa ya duara nyembamba mara chache tu, kiasi cha kuondoa weusi bila kuongeza kina. Juu ya mbao nikalaza ukanda wa karatasi ya shaba kutoka B hadi G. Ukanda ulionyooka haukubali, kwa sababu vidaraja vimekwenda kimshazari. Nilikata vipande, nikavipandanisha kwenye kila ngazi na kugusisha risasi ya kulehemu kwenye kila kiungo. Gundi ya karatasi hizi huandikwa kwamba inapitisha umeme. Inapitisha, leo. Mimi naiamini risasi.

Waya wa ethi ulipita kwenye tundu lile la zamani la E, ukalehemiwa kwenye ukanda. Ukanda wote umejificha chini ya vidaraja, hakuna kinachoonekana.

Kipimo cha mwisho nilikifanya kwenye nyuzi zenyewe: kutoka pete ya jeki hadi kila uzi, katikati ya shingo. Tano kwa tano zimelia. Mvumo umebaki ule mdogo wa kawaida, tena unakufa uzi wowote unapoguswa.

Fundi aliyeiunda nilimwandikia nikimweleza nilichokifanya. Alijibu kwa sentensi mbili na mchoro wa chumba cha umeme wenye vipimo vyote. Sijui kiwanda gani kingenifanyia hivyo.

Freti ya 17

G ikibanwa freti ya 16 inakwaruza; 15 safi, 17 safi. Freti inayofuata ile unayoibana ndiyo mshukiwa, kwa hiyo 17.

Kukagua freti kwenye shingo ya namna hii kuna kero yake. Kipande cha chuma cha kupimia freti tatutatu, kile kinachoyumba pakiwa na freti iliyosimama, lazima kishikwe sambamba na uzi, na upande wa B kinahitaji ukingo tofauti na ule wa upande wa G. Kutoka nati hadi freti ya 1 ni milimita 52.7 kwenye B na 48.5 kwenye G. Kati ya freti ya 23 na ya 24 ni karibu 14.0 dhidi ya 12.8. Ukitumia ukingo mmoja kutoka upande hadi upande utakuta unapima freti mbili ukidhani ni tatu.

17 ilikuwa imeinuka ncha ya upande wa G. Katikati iko sawa, upande wa B uko sawa, ncha tu imetoka kwenye mfereji wake kiasi kwamba fila geji (kibamba cha kupimia upenyo) ya milimita 0.10 iliingia chini yake. Nadhani najua sababu, au angalau najua kwa nini freti zilizolala husumbua zaidi ya zilizonyooka. Ubao wa shingo hii umechongwa kwa duara la nusukipenyo cha inchi 16. Lakini duara hilo ni la kukata shingo kwa pembemraba. Freti iliyolala inapita juu ya duara kimshazari, kwa hiyo mpindo inaoukuta ni bapa zaidi. Freti ya 1 hapa imelala kwa takriban digrii 28, na mpindo wake unakaribia inchi 20. Freti ya 7 inabaki 16. Kila freti inahitaji kukunjwa kivyake, na roli moja la waya uliokunjwa mapema haliwezi kukaa vizuri kwenye zote.

Matibabu: tepu ya karatasi pande zote mbili, tone la supagluu nyepesi lililofuata mfereji, kibao chenye ukingo wa mviringo juu ya ncha, klampu, basi. Baada ya kukauka kipande cha chuma kiliyumba bado, kidogo mno. Nikapaka maka peni juu ya freti za 15 hadi 19 na kupitisha kibamba cha kusawazishia chenye msasa, nikifuata njia ya uzi wa G, halafu njia ya D. Wino uliondoka kwanza kwenye 17, kama nilivyotarajia, na nilipoona unaanza kuondoka kwenye 16 na 18 nikasimama. Tupa ya kurudishia mviringo, msasa laini, kisha laini zaidi. Zile freti nyingine 19 sikuzigusa. Kuna watu wakishika kibamba hawakiachi mpaka wamesawazisha shingo nzima, na freti ni chuma kinachopungua kila ukikipitia.

Tukiwa kwenye shingo: nondo ya ndani, inayoishikilia shingo isipinde, niliigeuza robo mzunguko kwa alenki, kuilegeza. Nyuzi mpya zinavuta kidogo chini ya zile za zamani na shingo ilikuwa imenyooka mno. Upenyo kati ya uzi na freti ya 8, ukibana ya 1 na ya mwisho, sasa ni milimita 0.25 kwenye B na 0.20 kwenye G. Kwenye skeli nyingi pima pande zote mbili. Kipimo cha uzi mmoja hakikuambii kitu kuhusu ule wa mwisho.

Nati, kwa muda

Mfereji wa B ulikatwa kwa 130. Uzi wa 120 ndani yake unacheza robo milimita, na ukiupiga wazi unasikia mlio mdogo wa bati. Nati za dukani zilizokatwa tayari hazisaidii: zimekatwa kwa nati iliyonyooka, na hapa nati imelala huku mifereji ikitakiwa kufuata nyuzi. Ubavu wa mbele, ule unaotazama freti ya 1, ndio uzi unapopaswa kuanzia. Mfereji ukiwa juu zaidi nyuma kuliko mbele, urefu wa uzi umebadilika na hesabu yote ya freti imekwenda.

Kwa sasa nimejaza mfereji wa B kwa unga wa mfupa na supagluu, nikaukata upya. Imekaa. Lakini ni kiraka.

Umeme: kutoa zaidi ya kuongeza

Priampu ya bendi tatu imetoka. Ilikuwa nzuri kwa kazi yake, ila kazi yake ilikuwa kurudisha kitu ambacho gitaa hili halijapoteza. Besi ya kawaida huongezewa katikati na juu ili B isikike inasema nini. Hapa B inasema yenyewe. Kila nilipofungua nobu ya juu nilikuwa naongeza "shhh" na kelele za vidole. Niliporudisha katikati, besi ilikuwa na sauti niliyoitaka tangu mwanzo. Hilo likanifanya nijiulize betri inafanya nini humo.

Matundu ya nobu ni matano, na yote lazima yatumike, maana tundu tupu ni baya kuliko tundu jipya. Mpangilio: voliumu, blendi (ya kuchanganya pikapu mbili), toni, halafu swichi mbili za kuzungusha, moja kwa kila pikapu. Poti, yaani kinzani zilizo chini ya nobu, zote ni za kilo-omu 250, kapasita ya toni ni nanofaradi 47. Pikapu ni za koili mbili zenye waya nne, kwa hiyo kila swichi ina nafasi tatu: koili zikifuatana, koili moja peke yake, koili zikienda sambamba. Nilichagua swichi za kuzungusha kwa sababu zinaingia kwenye tundu la poti bila kulipanua. Vile viswichi vidogo vya kubonyeza juu na chini vina shingo nyembamba na vingehitaji washa za kuficha upana uliobaki.

Voliumu ni ya kuvuta. Ukiivuta inaingiza bafa ndogo, saketi isiyoongeza sauti ila inailinda pikapu isibebe mzigo wa kebo. Kebo ya gitaa hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita sita ni 600, na hizo hula sauti za juu. Kwenye besi nyingi bafa ni zawadi. Kwenye hii, nikipiga kwa vidole, naiona ni nyingi mno: kila mkwaruzo wa ukucha unafika kwenye amplifaya. Nikipiga slapu, yaani kwa kugonga nyuzi kwa kidole gumba, naivuta. Vinginevyo iko chini, na kebo inafanya kazi ya kulainisha bure.

Kina cha chumba nilikipima kabla ya kuagiza, kwa kuwa poti ya kuvuta ni ndefu karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Zimeingia. Kuta za chumba zimefunikwa kwa karatasi ya shaba na viungo vimelehemiwa, pamoja na ukingo ambapo kifuniko kinakaa, ili kifuniko nacho kiwe sehemu ya kinga. Miguu ya poti iliyo karibu na ukuta nimeivalisha tepu ya umeme. Mguu wa moto ukigusa shaba, besi inakuwa bubu, na utaitafuta hitilafu hiyo usiku kucha kwa sababu ukifungua kifuniko inapotea.

Koili zikifuatana sauti ni nene, ina katikati ya kutosha kusimama mbele ya ngoma. Sambamba ni safi zaidi na ya chini kidogo kwa nguvu, na hapo ndipo B ya inchi 37 inapoonekana imelipiwa kwa sababu. Koili moja ina mvumo wake wa asili. Ipo kwa sababu swichi ina nafasi tatu.

Pikapu mpya: nimesitisha

Nilikuwa na hamu ya kubadilisha pikapu pia. Umbo la hizi zilizopo ni lile la pikapu ya EMG 40, takriban milimita 102 kwa urefu, na chaguo la umbo hilo sokoni ni pana. Ila angalia kinachotokea likilazwa. Nyuzi ziko mbali milimita 18 kutoka moja hadi nyingine kwenye daraja. Pikapu iliyolala kwa digrii 32 hivi haioni 18. Kwa urefu wake yenyewe inaona karibu 21. Nyuzi tano zinachukua milimita 85 badala ya 72. Zinaenea ndani ya boksi, lakini pikapu yenye nguzo za sumaku tano zilizopangwa kwa 18 itakuwa na uzi wa katikati juu ya nguzo na nyuzi za pembeni hewani. Kwa gitaa hili inafaa yenye ubapa mmoja wa sumaku kutoka mwisho hadi mwisho. Zilizomo tayari ni za hivyo.

Nilizotamani zilikuwa za nguzo. Fundi mmoja wa pikapu angeweza kunizungushia kwa nafasi ya 21, lakini boksi lake lina kona za duara kubwa kuliko shimo lililopo, na ningelazimika kuchimba mbao. Sharti linasema hapana.

Vipimo vya sasa na kilichobaki

Urefu wa uzi juu ya freti ya 12: B milimita 2.1, E 2.0, A 1.9, D 1.8, G 1.6. Ningeweza kushusha B hadi 1.9 bila kukwaruza, kwa kuwa uzi ulionyooka hivi hauchezi kwa upana mkubwa, lakini nikipiga kwa nguvu napenda uzi uwe na mahali pa kwenda.

Watu huuliza kama mkono unapotea kwenye freti hizi. Haupotei. Kuanzia freti ya 3 kwenda juu hutazami hata. Panapouma ni freti ya 1 hadi ya 4 kwenye B, zile milimita nne za ziada kwa freti moja, na hakuna marekebisho yatakayoziondoa. Ni bei ya inchi 37. Mwenye vidole vifupi anayecheza sana chini huko afikirie 35.

Kilichobaki ni nati ya mfupa. Kipande kimeshakatwa kwa ulalo unaolingana na freti ya 1. Nasubiri nyuzi zikae na shingo itulie baada ya ile robo mzunguko, kisha nipime tena kina cha kila mfereji: nikibana uzi kwenye freti ya 3, upenyo juu ya freti ya 1 nautaka usizidi milimita 0.15 kwenye G na 0.25 kwenye B. Mifereji nitaikata kwa tupa za upana wa 46, 66, 82, 102 na 122, nikianza na G, kwa sababu uzi wa G ukiharibika ni rahisi kupata mwingine.